Kusoma Fasihi Linganishi, Kifaransa na Kiitaliano: Maelezo kwa Wazee Wenzangu



Miaka miwili iliyopita, Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, mwanangu alinifuata barazani akaniambia, "Baba, naomba uzungumze na mjukuu wako. Wewe anakusikiliza." Binti alikuwa amemaliza sekondari kwa alama nzuri, na nyumba nzima ilikuwa ikingoja achague uhandisi au uhasibu. Yeye akasema anataka kwenda Uingereza kusoma fasihi linganishi pamoja na Kifaransa na Kiitaliano. Mama yake alimwuliza mara tatu, akidhani amesikia vibaya.

Kazi niliyopewa ilikuwa fupi: nimwambie hapana, kwa upole, kama mzee. Lakini mimi nimekuwa karani miaka 34, na karani hatii sahihi karatasi asiyoisoma. Nikaomba wiki tatu. Niliyoyapata katika wiki hizo, na yale mjukuu wangu aliyonieleza baadaye, ndiyo nayaandika hapa, kwa sababu tangu mwaka jana wazazi watano wamenipigia simu wakiwa na swali lile lile.

Kwanza nijieleze

Nimezaliwa mwaka 1951 Bujumbura, siku hizo ukiitwa Usumbura, chini ya Wabelgiji. Baba yangu alikuwa Mwarabu wa Oman mwenye duka la nguo. Kiswahili changu ni cha Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa mji ule, na nilipofika Maskati wenzetu wa Unguja walikicheka mpaka wakachoka. Asubuhi nilisoma kwa mapadri kwa Kifaransa, jioni chuoni kwa mwalimu wa Kurani, nyumbani tukazungumza Kiswahili na sokoni Kirundi. Tuliona ndivyo watu wote wanavyoishi.

Nilipokaribia kumaliza shule, padri aliyetufundisha fasihi alimwendea baba dukani. Akamwambia kijana huyu anafaa kupelekwa chuo kikuu kusoma vitabu. Baba alimkaribisha kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu, "Padri, hadithi bibi yake anamsimulia bure." Mambo yakaishia hapo. Mwaka 1972 Burundi ikaingia katika mauaji makubwa, na mwaka 1973 sisi tukawa Maskati. Mwaka uliofuata nikapata ukarani katika ofisi ya meli Matrah.

Baba simlaumu. Alikuwa na watoto wanane na duka moja. Lakini nataka mjue kwamba mtu aliyepewa faili la mjukuu huyu hakuwa hakimu asiye na upande.

Somo lenyewe ni nini

Anayesoma fasihi ya Kifaransa husoma vitabu vya Wafaransa na vya wengine walioandika kwa Kifaransa. Anayesoma fasihi ya Kiarabu hufanya hivyo kwa Kiarabu. Fasihi linganishi huanzia pale hadithi inapovuka mpaka wa lugha moja kwenda nyingine. Huuliza: imetoka wapi? Nani aliibeba? Ilipofika kwa wenyeji wapya, ilibadilishwa nini, na kwa nini? Na mambo ambayo watu wawili waliandika bila kujuana, huyu Kaskazini na yule Kusini, yamefananaje?

Mjukuu wangu alinieleza kwa mfano nisioweza kuusahau. Aliniuliza, "Babu, hadithi ya Ali Baba na wezi arubaini uliisikia kwa nani?" Nikamjibu kwa bibi yangu, Bujumbura, kwa Kiswahili. "Na yeye aliitoa wapi?" Nikasema kwa Waarabu, hiyo ni Alfu Lela u Lela. Akacheka, akanieleza.

Mfaransa mmoja, Antoine Galland, alianza kuchapisha tafsiri ya Alfu Lela u Lela kwa Kifaransa mwaka 1704. Alikuwa na maandiko ya mkono ya Kiarabu yaliyotoka Shamu. Maandiko yakamwishia, na wasomaji wa Paris wakawa bado wana kiu. Mwaka 1709 akakutana Paris na kijana Mkristo kutoka Halab, jina lake Hanna Diyab, aliyekuwa msimuliaji hodari. Hanna akamsimulia hadithi kadhaa, Galland akaziandika kwa muhtasari, kisha akazitengeneza kwa Kifaransa chake. Miongoni mwao ni Ali Baba na Aladini. Hadithi hizo mbili hazimo katika maandiko ya kale ya Kiarabu ya kitabu kile. Zilitoka katika kinywa cha Mwarabu, zikaandikwa kwanza na Mfaransa, zikaenea Ulaya, kisha zikarudi Mashariki na kuingia katika matoleo ya Kiarabu na ya lugha nyingine, kama mtoto aliyelelewa ugenini.

"Sasa, Babu," akaniuliza, "hadithi ni ya nani?"

Nilikaa kimya. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba swali hili si mchezo. Sisi wenyewe ni watu wa namna ile. Tumetoka Oman, tukaenda Afrika, tukarudi na lugha nyingine mdomoni, na hadi leo kuna wanaotuuliza sisi ni wa nani.

Somo lina umri gani

Nilidhani ni jambo la juzi, la watu wenye nafasi. Kumbe mwaka 1827 mshairi Mjerumani, Goethe, alikuwa akisoma riwaya ya Kichina iliyotafsiriwa, akasema kwamba wakati wa fasihi ya taifa moja moja unapita na sasa inakuja fasihi ya dunia. Goethe huyo huyo mwaka 1819 alikuwa amechapisha diwani iliyotokana na kumsoma Hafidh wa Shirazi. Huko Italia, Chuo Kikuu cha Napoli kilimpa Francesco De Sanctis kiti cha fasihi linganishi mwaka 1871.

Wawili walionigusa zaidi ni wa karne iliyopita. Wa kwanza ni Erich Auerbach, Myahudi wa Ujerumani. Mwaka 1935 utawala wa Hitler ulimwondoa katika kazi yake ya chuo kikuu, akaenda kufundisha Istanbul. Katika mji huo wa Waislamu, mbali na maktaba alizozizoea, aliandika kitabu kinachoitwa Mimesis, kikatoka mwaka 1946. Kinafuata jinsi watu wa Ulaya walivyoeleza maisha ya kila siku katika maandishi, tangu Wayunani wa kale, kupitia kwa Waitaliano na Wafaransa, mpaka karne ya 20. Wanafunzi wa somo hili bado wanakisoma.

Wa pili wengi wenu mnamjua kwa mambo mengine: Edward Said, Mpalestina aliyezaliwa Al-Quds mwaka 1935. Watu humjua kama mtetezi wa Palestina. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kufundisha Kiingereza na fasihi linganishi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu namna wasomi wa Magharibi walivyoielezea Mashariki kiliandikwa kwa kusoma Kifaransa na Kiingereza kwa makini, neno kwa neno. Nilipomweleza mwanangu jambo hili, aliweka simu chini, ikawa mara ya kwanza jioni ile.

Kwa nini Kifaransa pamoja na Kiitaliano

Mtu anaweza kuuliza, si vitabu vyote vimeshatafsiriwa kwa Kiingereza? Kwa nini kujitesa na lugha mbili?

Hapa nina ushahidi wangu mwenyewe, na unanitia aibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ofisini kwetu zilikuwa zikija barua za Kifaransa kutoka Djibouti na Marseille. Mkubwa wangu alinipa mimi niziweke kwa Kiingereza. Barua moja ilizungumzia shehena kwa neno "éventuellement". Mimi, kwa haraka, nikatumia neno la Kiingereza linalofanana nalo kwa sura, ambalo maana yake ni "hatimaye". Mteja akaelewa kwamba mzigo utakuja, ila utachelewa kidogo. Akakodi ghala, akangoja. Lakini Mfaransa alikuwa amesema "huenda", yaani pengine utakuja na pengine hautakuja. Haukuja. Nilikatwa mshahara wa nusu mwezi, nami naona ilikuwa haki. Kifaransa nilikijua. Nililokosa ni tabia ya kulitilia shaka neno lililovaa nguo za jirani yake.

Tabia hiyo ndiyo inayofundishwa katika masomo haya. Nilipomsimulia mjukuu wangu, aliniambia kwamba Waitaliano wana "eventualmente", na kwao pia maana ni "huenda". Kifaransa na Kiitaliano ni ndugu, watoto wa Kilatini. Anayejua kimoja hukipata cha pili kwa muda mfupi zaidi, ila ndugu hao wana mitego yao, kama vile sisi tunavyokwama baina ya Kiswahili cha Unguja na cha Buyenzi.

Kuna sababu nyingine ya kuvichukua pamoja. Kwa karne nyingi fasihi hizi mbili zimekopeshana. Washairi wa kusini mwa Ufaransa walisikika Sicilia na Toscana, na baadaye Petrarca na Boccaccio wakasomwa na kuigwa Ufaransa. Anayezisoma zote mbili kwa lugha zake huona mkopo ukienda na kurudi. Anayesoma kwa Kiingereza tu huona vitabu viwili vilivyovishwa nguo za mshoni mmoja.

Miaka inavyokwenda

Sasa niwape utaratibu, maana hili ndilo wazazi huuliza kwanza. Ninazungumzia Uingereza, ambako masomo haya yanapatikana kwa pamoja katika vyuo kadhaa. University College London na St Andrews ni baadhi ya vilivyokuwa na fasihi linganishi katika shahada ya kwanza. Mipango hubadilika, basi hakikisheni wenyewe kwa mwaka wenu.

Shahada ya lugha England kwa kawaida ni miaka minne, na mwaka wa tatu mwanafunzi huutumia nje, mahali lugha inapozungumzwa. Scotland shahada ya heshima ni miaka minne hata bila mwaka wa nje, kwa hiyo ukiuongeza huweza kuwa mitano. Mtu mwenye lugha mbili mara nyingi huugawa mwaka huo: miezi Ufaransa, miezi Italia.

Kwa Kifaransa, vyuo hivi kwa kawaida hutaka uwe umekisoma mpaka mwisho wa sekondari. Kiitaliano huweza kuanzwa sifuri. Lakini "sifuri" isiwadanganye. Wanaoanza hukimbizwa, na kufikia mwaka wa pili wanatazamiwa wasome riwaya nzima. Ulaya wana ngazi sita za kupima lugha, kuanzia A1 ya mwanzo mpaka C2 ya juu kabisa. Mjukuu wangu aliingia na Kifaransa cha B2, alichokianza kwangu akiwa na miaka saba kwa kuhesabu magari ya barabara ya Ruwi. Kiitaliano hakuwa nacho hata salamu. Muhula wa kwanza alinipigia simu usiku mara mbili akilia.

Kazi ya kila wiki ni hivi: vipindi vya lugha, yaani sarufi, kuzungumza, na kutafsiri pande zote mbili, mihadhara ya fasihi, na vikao vidogo ambapo kila mmoja lazima aseme alichokisoma. Mitihani ipo, lakini mzigo mkubwa ni insha. Mwanafunzi hupewa, tuseme, kitabu cha Kifaransa na cha Kiitaliano vinavyozungumzia safari, au vita, au mwanamke asiyeridhika na ndoa yake, na huandika akionyesha vinavyofanana na vinavyotofautiana, kwa ushahidi kutoka katika lugha zenyewe. Mwaka wa mwisho huwa na tasnifu, mara nyingi ya maneno 8,000 hadi 10,000.

Hofu ya Dante

Jambo moja lilileta maneno makali nyumbani, nami sitalificha. Hakuna anayesoma Kiitaliano bila kumsoma Dante, aliyefariki mwaka 1321. Ami yake binti alisikia mahali kwamba Dante amemtaja Mtume wetu, sala na amani zimshukie, kwa ubaya, akauliza kama tunamlipia mtoto ada ili akasome hayo.

Ni kweli. Katika sehemu ya Jahanamu, mlango wa 28, yamo maneno ambayo Muislamu hawezi kuyasoma bila kuumia. Nilimwambia binti mbele ya wote asijaribu kulipunguza jambo hilo. Akakubali, kisha akaomba ruhusa ya kusema kilichobaki.

Akasema, kwanza, Dante huyo huyo katika mlango wa nne amewaweka Ibn Sina, Ibn Rushd na Salahuddin pamoja na watu wakubwa wa kale, mahali pasipo na mateso ya moto. Pili, mwaka 1919 padri Mhispania, Miguel Asín Palacios, alitoa kitabu akidai kwamba safari ya Dante katika ulimwengu wa akhera imechota katika masimulizi ya Kiislamu ya Miiraji. Waitaliano wengi walimkasirikia. Kisha mwaka 1949 yakachapishwa maandiko yaliyolipa swali uzito mpya. Katika karne ya 13, kwenye baraza la Mfalme Alfonso wa Kastilia, kitabu cha Kiarabu cha Miiraji kilitiwa katika lugha ya Kastilia na tabibu Myahudi, na mwaka 1264 Mtaliano, Bonaventura wa Siena, akakitia katika Kilatini na Kifaransa cha zamani. Yaani kabla Dante hajazaliwa, mwaka 1265, hadithi ilikuwa tayari imeshafika katika lugha za jirani zake. Kama Dante aliisoma au hakuisoma, wataalamu wanabishana hadi leo.

"Ami," akasema binti, "nani atakayeingia katika ubishi huo kwa niaba yetu, kama sisi hatusomi Kiitaliano?"

Ami yake hakujibu, na sidhani kama ameridhika. Mimi niliwaza jambo jingine: Waswahili tuna tenzi za Miiraji, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, zikasomwa katika hafla zetu kwa vizazi. Nilimwuliza kama huko chuoni wanazijua. Akasema hapana. Nikamwambia basi hapo ndipo pa kuanzia.

Fedha na kazi

Tusiseme uongo kuhusu gharama. Mwingereza wa England anayesoma England ana ada iliyowekewa kikomo, pauni 9,535 kwa mwaka wa masomo wa 2025/26. Mgeni hana kikomo hicho. Katika vyuo vingi vikubwa ada ya masomo ya fasihi kwa mgeni hupita pauni 20,000 kwa mwaka, mbali na chumba na chakula. Mwaka wa nje ada huweza kupungua, lakini mwenye pasipoti ya Oman atahitaji viza ya masomo ya Ufaransa au ya Italia, na makaratasi yake huchukua miezi. Anzeni mapema.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Miaka ya karibuni vyuo kadhaa vya Uingereza vimefunga au kupunguza idara za lugha kwa ajili ya fedha. Mzazi aulize kwa maandishi, na ahifadhi nakala: je, somo hili litaendelea mpaka mwanangu amalize? Mimi nimeuliza, na barua ya majibu iko katika faili.

Asiyeweza gharama hizo ana njia nyingine. Tangu 2006 kuna Sorbonne Abu Dhabi, na yapo masomo yanayofundishwa kwa Kifaransa hapa hapa Ghuba. Vyuo vya serikali vya Italia na Ufaransa kwa kawaida ni rahisi kuliko vya Uingereza, ila lazima ufike na lugha mkononi.

Na kazi? Hakuna afisa anayetangaza nafasi ya "mlinganishi wa fasihi". Waliosoma haya huingia katika tafsiri na ukalimani, ualimu, uchapishaji, makumbusho, ubalozi, habari, na utalii. Wengine husoma sheria au biashara baadaye. Kipato cha mwanzo hakifikii cha mhandisi, na mwanangu yuko sahihi kuhofia hilo. Lakini angalieni jambo moja. Mwaka 2019 Jokha Alharthi wa Oman alipata tuzo ya kimataifa ya Booker kwa riwaya iliyoandikwa kwa Kiarabu, akiwa wa kwanza wa lugha hiyo kuipata. Pauni 50,000 ziligawanywa sawa baina yake na mfasiri wake, Marilyn Booth. Bila mfasiri, kitabu cha mwanamke wa nchi hii kisingesomwa na waamuzi wale. Kazi ya mfasiri, basi, si ukarani mdogo kama nilivyodhani nilipokuwa nikipiga chapa barua za Marseille.

Lugha ya nyumbani

Sasa nifike kwenye sharti langu. Baada ya wiki tatu niliwaita wote barazani nikasema ndiyo, kwa sharti moja: binti asiende kujifunza lugha ya tano na kuiacha ya kwanza. Kusema kweli, Kiswahili chake kilikuwa kimebaki cha jikoni. Alielewa kila kitu, akajibu kwa Kiarabu au Kiingereza. Wajukuu wengi wa Maskati na Dubai ndivyo walivyo, na kosa ni letu sisi tuliochoka kuwasahihisha.

Nilitazamia fasihi linganishi imchukue mbali zaidi. Mambo yamekuwa kinyume. Mwalimu wao aliwataka kila mmoja alete hadithi ya nyumbani kwao na kuifuata mizizi yake. Binti akampigia simu bibi yake, mke wangu, aliyezaliwa Unguja. Bibi akamsimulia kisa cha Kima na Papa: kima anapandishwa mgongoni mwa papa ili akatolewe moyo, naye anajiokoa kwa kusema moyo ameuacha mtini. Akakikuta katika hadithi za Unguja alizochapisha Edward Steere mwaka 1870. Akakikuta katika Kalila wa Dimna ya Ibn al-Muqaffa, ila papa ni kobe. Akakikuta katika Panchatantra ya Kihindi, ila ni mamba. Halafu akaona La Fontaine, mshairi wa Kifaransa niliyekaririshwa na mapadri, anakiri mwaka 1678 kwamba hadithi zake nyingi za mkusanyo wa pili anadaiwa na mwenye hekima wa Kihindi, Pilpay, jina ambalo Ulaya ilimpa msimuliaji wa vitabu hivyo hivyo.

Bibi yake hakwenda shule zaidi ya miaka minne. Jina lake limeandikwa chini ya insha ile kama chanzo, pamoja na Steere na Ibn al-Muqaffa. Nimeichapa insha na kuibandika ukutani. Yeye hujifanya haioni.

Mwaka huu mwezi wa Septemba binti anakwenda nje, nusu Paris na nusu Napoli. Nimemwambia ajue kwamba kote kuwili Kiswahili kinafundishwa: Paris katika chuo cha INALCO, Napoli katika chuo kiitwacho L'Orientale, chenye asili yake mwaka 1732. Huko Napoli ndiko alikofundisha Bi Elena Bertoncini, aliyeandika muhtasari wa fasihi ya Kiswahili uliotoka mwaka 1989. Na sasa tuna mzaliwa wa Unguja, Abdulrazak Gurnah, mwenye tuzo ya Nobel ya 2021, ambaye riwaya yake ya Paradise imetiwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi. Yuko anayengojewa kuziandika habari hizi kwa kulinganisha Kiswahili, Kiarabu, Kifaransa na Kiitaliano. Sina uhakika kama atakuwa mjukuu wangu.

Kwa mzazi mwenye swali kama la mwanangu, ushauri wangu ni huu. Mwulize mtoto maswali matatu kabla ya kuuliza ada. Je, unasoma vitabu vizima bila kulazimishwa? Je, Kifaransa chako kimefika wapi, kwa cheti, si kwa maneno? Na je, unaweza kunisimulia hadithi moja ya nyumbani kwa Kiswahili tangu mwanzo mpaka mwisho? Akijibu mawili ya kwanza tu, mlete kwa bibi yake kwanza, kisha ndipo mzungumze habari za Uingereza.

Mwanangu bado ana hofu. Kila mwezi anapotuma ada ananitazama, nami namtazama. Wiki iliyopita nilimkuta garini peke yake akisikiliza darasa la Kiitaliano katika simu. Alizima haraka. Sikumwuliza kitu.

Wassalaam.